Umri wa jahazi, umri wa mgonjwa: kwa nini programu za takwimu hazisemi lugha moja

Al Jaddaf ni kitongoji cha Dubai kilichokaa ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji hadi kwenye mabwawa ya Ras Al Khor wanakotua heroe. Kabla reli ya metro haijafika huko mwaka 2014, na kabla ya mwaka 2022 ilipofunguliwa Maktaba ya Mohammed bin Rashid ndani ya jengo lenye umbo la marufaa, eneo hilo lilijulikana zaidi kwa vyombo vya baharini. Hapo majahazi ya mbao yaliundwa, na yaliyochoka yalipandishwa chelezoni, yakaondolewa mbao zilizooza, yakakalafatiwa upya, kisha yakarudishwa majini.

Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa jahazi ni nini. Lakini swali moja dogo kuhusu chombo hicho linatosha kumtoa jasho mtakwimu: jahazi huishi miaka mingapi?

Tuseme mtafiti anataka kujua kama vyombo vilivyoundwa kwa msaji hudumu kuliko vile vya mbao za bei nafuu. Anakwenda chelezoni na daftari lake. Mara anagundua kwamba vyombo vingi bado vinasafiri, na hakuna ajuaye vitakufa lini. Vingine viliuzwa, vikaenda bandari nyingine, na habari zake zikakatika. Tena kuna jahazi lililoundwa miaka 15 iliyopita mahali pengine kabisa, ambalo leo ndiyo mara ya kwanza linaonekana hapo. Je, miaka hiyo 15 ihesabiwe au isihesabiwe?

Badala ya jahazi mtu akiweka mgonjwa, na badala ya chelezo akiweka kliniki, maswali yanabaki yale yale. Ndiyo maana elimu ya takwimu iitwayo uchambuzi wa muda wa uhai imekuwa nguzo ya utafiti wa afya katika Afrika Mashariki. Na ndiyo maana tofauti ndogo kati ya programu za kompyuta zinazofanya hesabu hizo inaweza kufika mbali kuliko inavyodhaniwa.

Aliye hai naye ahesabiwe

Mtu asiye na mafunzo angeweza kuchukua vyombo vilivyokwisha kuzama tu na kutafuta wastani wa umri wao. Jibu lingekuwa la uongo, kwa kuwa vilivyo imara ndivyo vilivyobaki majini, na yeye amevitupa nje ya hesabu. Njia ya kuvihesabu vyote, vilivyokufa na vilivyo hai, ilipangwa vizuri na Wamarekani Edward Kaplan na Paul Meier mwaka 1958. Kila chombo kinachangia hesabu kwa muda ule tu kilipokuwa kikiangaliwa, kisha kinaondoka. Kutoka kwa namna hii watakwimu hukuita kukatwa kwa taarifa: tunajua kwamba chombo kilikuwa hai hadi siku fulani, wala hatujui zaidi.

Mwaka 1972 mtakwimu wa Uingereza, David Cox, alipiga hatua nyingine. Alionyesha namna ya kuchunguza sababu nyingi kwa pamoja, kama vile umri, jinsia na dawa, bila kulazimika kujua umbo la hatari yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Makala yake ni miongoni mwa zile zilizotajwa mara nyingi mno katika sayansi nzima. Cox alifariki dunia Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 97.

Njia ya pili ina asili ya kiwandani. Mhandisi wa Sweden, Waloddi Weibull, aliyeshughulikia uimara wa vyuma na vitu vingine, alieleza mwaka 1951 mgawanyo wa hesabu ambao leo unabeba jina lake. Hapa mtafiti anakubali kutamka umbo la hatari: inapanda kadiri chombo kinavyozeeka, inashuka, au inabaki pale pale. Faida yake ni kwamba anaweza kutabiri mbele ya muda aliouona. Hasara ni kwamba akikosea umbo, na utabiri wake umekwenda mrama.

Amri nyingi, kazi moja

Leo hesabu hizi hufanywa na kompyuta. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na kutolewa katika toleo lake kamili la kwanza Februari 2000, haiuzwi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuichukua. Kwa vyuo vya Kampala, Dar es Salaam au Bujumbura jambo hilo si dogo, kwani leseni za Stata na SAS hugharimu fedha ambazo idara nyingi hazina, na wapo wanafunzi waliojifunza takwimu kwa nakala za mitaani.

Ndani ya R, kifurushi kiitwacho survival ndicho baba wa kazi hii. Mwandishi wake ni Terry Therneau wa hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota. Kina amri mbili kuu: coxph kwa modeli ya Cox, na survreg kwa modeli za Weibull na jamaa zake. Frank Harrell wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt ana amri iitwayo psm, ambayo kwa ndani huita survreg ile ile lakini humwongezea mtumiaji zana za kupima kama modeli inaaminika. Christopher Jackson wa Cambridge ametoa flexsurvreg, na Göran Broström wa Umeå, Sweden, ametoa phreg na aftreg. Nje ya R, Stata ina stcox na streg, SAS ina PHREG na LIFEREG, na wanaotumia lugha ya Python wana kifurushi cha lifelines cha Cameron Davidson-Pilon wa Kanada.

Msomaji atakuwa ameona kwamba jina phreg limejitokeza mara mbili. Ni mtego kweli kweli. PHREG ya SAS ni modeli ya Cox, ambayo haitaji umbo la hatari. Ile phreg ya Broström hulitaja, na mtumiaji asiposema lolote huchukua Weibull. Majina ni mamoja, watu mbalimbali.

Alama ya kujumlisha inayogeuka kutoa

Hatari kubwa zaidi imo katika kusoma majibu, na hapa mfano halisi unafaa kuliko maelezo. Kifurushi cha survival huja na taarifa za wagonjwa 228 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea, waliochunguzwa nchini Marekani. Kati yao 165 walifariki wakati wa uchunguzi. Mtu yeyote anaweza kuzifungua taarifa hizo na kurudia hesabu zifuatazo.

Modeli ya Weibull ikifungwa kwa survreg, ikiwa na umri, jinsia na kipimo cha daktari cha uwezo wa mgonjwa kujihudumia, namba inayotolewa mbele ya jinsia ni 0.370, na chini kabisa hutajwa skeli ya 0.755. Hesabu hiyo hiyo ikipitishwa kwenye coxph, mbele ya jinsia hutokea namba hasi, yaani kutoa 0.497. Moja inajumlisha, nyingine inatoa. Je, kuwa mwanamke kunamsaidia mgonjwa au kunamdhuru?

Kunamsaidia, na amri zote mbili zinasema hivyo. survreg inazungumza juu ya muda: namba chanya maana yake ni muda mrefu zaidi. Ikibadilishwa kutoka kwenye logarithimu, 0.370 inakuwa 1.45, kwa maana kwamba muda wa kuishi wa mwanamke ni kama mara moja na nusu hivi ya ule wa mwanamume aliye na hali kama yake. coxph haizungumzi juu ya muda, inazungumza juu ya hatari ya kufa, na namba hasi maana yake ni hatari ndogo: uwiano wa 0.61, au karibu asilimia 39 pungufu.

Daraja baina ya lugha hizo mbili lipo, nalo ni jepesi. Katika modeli ya Weibull, namba ya survreg ikigawanywa kwa skeli na kubadilishwa alama hutoa namba ya hatari. Kugawa 0.370 kwa 0.755 hutoa 0.49, ikigeuzwa kuwa hasi na kutolewa kwenye logarithimu huwa 0.61. Jibu ni lile lile la Cox, ingawa njia zilikuwa mbili.

Sasa fikiria ofisa wa takwimu katika wizara ya afya aliyezoea Stata. Huko, streg ikiambiwa Weibull hutoa uwiano wa hatari moja kwa moja, isipokuwa ikiombwa kutoa muda. Ofisa huyo akihamia R kwa sababu leseni imekwisha, akaona 1.45, akaisoma kwa mazoea yake ya zamani, ataandika katika ripoti kwamba kundi lile linakufa kwa asilimia 45 zaidi. Kama namba hiyo si ya jinsia bali ya dawa mpya, dawa inayookoa itakuwa imeandikwa kuwa dawa inayoua, na hakuna kompyuta itakayolia kengele, maana kila kitu kimehesabiwa sawasawa.

Mambo hayaishii hapo. Neno skeli lenyewe lina maana mbili. Katika survreg, skeli ni kinyume cha kigezo cha umbo cha Weibull, 0.755 ni sawa na umbo la 1.32 au karibu na hapo. Katika flexsurvreg, umbo hutajwa kwa jina lake, na skeli ni kitu kingine kabisa, kinacholingana na ile namba ya kwanza ya survreg baada ya kutolewa kwenye logarithimu. Na aftreg ya Broström, ijapokuwa nayo ni modeli ya muda, kwa desturi yake hutoa alama iliyo kinyume na survreg: kwake chanya maana yake ni kwamba maisha yanakwenda mbio, hivyo yanafupika. Anayetaka alama zifanane na za survreg lazima aombe.

Kasoro nyingine imo katika taarifa zile zile za saratani. Aliyekufa ameandikwa 2, na ambaye taarifa zake zilikatika ameandikwa 1. R inaufahamu mtindo huo wa zamani. Stata, isipoelezwa vinginevyo, huchukulia kwamba namba yoyote isiyo sifuri ni kifo. Anayezihamisha taarifa bila kuangalia atawazika wagonjwa wote 228, wakiwamo 63 ambao hakuna aliyeshuhudia wakifa.

Waliotoka sare

Modeli ya Cox imejengwa juu ya dhana kwamba vifo hufuatana, kimoja baada ya kingine. Katika daftari la kliniki mambo si hivyo. Mara nyingi huandikwa mwezi tu, na watu watano huonekana wamefariki kwa pamoja. Kwa lugha ya viwanja vya mpira, wametoka sare.

Programu hutofautiana katika kuamua sare hizo. Chukua wagonjwa kumi wenye hatari sawa, ambao wawili kati yao wamefariki mwezi mmoja. Njia ya Breslow hugawa kwa kumi mara zote mbili, kana kwamba wa kwanza alipokufa hakuondoka kundini. Njia ya Bradley Efron hugawa kwa kumi, kisha kwa tisa, ambayo ndiyo hali halisi inavyokaribiana nayo. Ipo na njia ya hesabu kamili, yenye kuchosha kompyuta pale sare zinapokuwa nyingi.

R hutumia Efron pasipo kuulizwa, na lifelines ya Python kadhalika. Stata na SAS, zisipoambiwa, hutumia Breslow. Sare zikiwa chache tofauti haionekani. Zikiwa nyingi, Breslow huelekea kuivuta athari ya dawa karibu na sifuri, na kuifanya ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Watafiti wawili, mmoja Nairobi na mwingine Muscat, wanaweza basi kupewa daftari moja na kutoa majibu mawili, kila mmoja akiapa kwamba hakukosea. Inashangaza kwamba ripoti nyingi bado hazitaji ni njia gani iliyotumika, wakati kuitaja kunahitaji neno moja tu.

Aliyechelewa kuingia

Turudi kwenye lile jahazi lililokuja Al Jaddaf likiwa na miaka 15. Chelezo haikuyaona majahazi mengine ya rika lake yaliyozama njiani yakiwa na miaka mitatu au saba. Kinachofika hapo ni kile kilichokwisha kushinda dhoruba. Kumhesabia mgeni huyo miaka yake yote, kana kwamba alikuwa akiangaliwa tangu kuundwa, ni kujidanganya.

Ukubwa wa udanganyifu huo unaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Tuseme vyombo kumi vimefika vikiwa na miaka 20 kila kimoja, na vyote vimezama vikiwa na miaka 22. Chelezo imeviangalia kwa miaka miwili tu kila kimoja, jumla miaka 20, na vifo ni kumi: kifo kimoja kwa kila miaka miwili ya uangalizi. Anayehesabu tangu kuundwa ataona vifo kumi katika miaka 220, na kutangaza kwamba hatari ni ndogo mara 11 kuliko ilivyo.

Hali hii si ya kubuni katika utafiti wa Afrika Mashariki. Vituo vinavyofuatilia afya za wakazi wa eneo zima, kama vile Kilifi pwani ya Kenya tangu mwaka 2000, Kisesa karibu na Mwanza tangu 1994, na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi tangu 2002, hupokea wahamiaji kila mwaka. Mtu aliyehamia Viwandani akiwa na miaka 30 hawezi kuhesabiwa kana kwamba alikuwa akiangaliwa tangu utotoni. Aingie daftarini akiwa na miaka 30, na hatari yake ihesabiwe kuanzia hapo.

Hapa ndipo amri zinapotengana kwa uwezo, na si kwa desturi tu. coxph hukubali kupewa tarehe ya kuingia na ya kutoka. flexsurvreg, streg, na zile za Broström pia hukubali; lifelines nayo ina mahali pa kuiandika. Lakini survreg, pamoja na umaarufu wake wote, haikubali, na psm iliyojengwa juu yake iko hivyo hivyo. Kwa bahati njema survreg hukataa waziwazi ikipewa tarehe mbili za namna hiyo. Tatizo huja pale mtumiaji, baada ya kukataliwa, anapoamua kufuta tarehe ya kuingia ili hesabu ipite.

Kati ya ziara mbili

Desemba 2006 majaribio mawili makubwa yalisimamishwa kabla ya wakati, moja Kisumu na jingine Rakai nchini Uganda, kwa kuwa matokeo yalikuwa yamekwisha kudhihirika: tohara ilipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa wanaume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kutoka kwa wanawake. Kisumu walishiriki vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Baada ya miaka miwili, makadirio ya walioambukizwa yalikuwa asilimia 2.1 katika kundi lililotahiriwa na asilimia 4.2 katika kundi lililosubiri. Rakai walishiriki wanaume 4,996. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na lile la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi yaliipendekeza tohara kuwa nyongeza katika njia za kinga.

Nyuma ya asilimia hizo kuna ugumu wa aina yake. Siku ya kifo hujulikana, lakini siku ya kuambukizwa haionekani. Vijana wa Kisumu walipimwa katika mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa 12, wa 18 na wa 24. Aliyekuwa salama mwezi wa sita na ameambukizwa mwezi wa 12 alipatwa wakati fulani kati ya ziara hizo mbili. Kuandika kwamba aliambukizwa mwezi wa 12 ni kurahisisha, na papo hapo ni kutengeneza sare tele, kwa sababu wote waliogunduliwa katika ziara hiyo wanapata tarehe moja.

Kwa taarifa za namna hii mizani inageuka. survreg, iliyoshindwa na waliochelewa kuingia, hapa ni hodari: hupokea mwanzo na mwisho wa kipindi na kuhesabu ipasavyo. coxph, iliyokuwa hodari kule, hapa haiwezi. flexsurvreg hubeba mizigo yote miwili. Katika Stata, streg haikuweza, hadi mwaka 2017 toleo la 15 lilipoleta amri mpya kwa ajili hiyo. Modeli ya Cox ya vipindi ilisubiri toleo la 17, mwaka 2021. SAS ilikuwa na LIFEREG tangu zamani. Kwa hiyo swali la amri ipi ni bora halina jibu kabla ya kujulikana namna taarifa zilivyokusanywa, na wanaogombana juu ya R na Stata kana kwamba ni Simba na Yanga wanapoteza muda wao.

Wasioonekana tena

Lipo jambo moja ambalo amri hizi zote zinalingana, nalo ni udhaifu. Zote huamini kwamba mtu ambaye taarifa zake zimekatika anafanana na wale waliobaki. Jahazi lililouzwa Bosaso linadhaniwa kuwa na hatari ile ile ya jahazi lililobaki Dubai. Kama liliuzwa kwa sababu lilikuwa linavuja, dhana imevunjika.

Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kuenea katika miaka ya 2000, kliniki za Afrika Mashariki zilijikuta na maelfu ya wagonjwa walioacha kuja. Hakuna aliyejua kama wamehamia kliniki nyingine, wameshindwa nauli, au wamefariki. Hesabu za kawaida ziliwachukulia kama waliokatika taarifa tu, na viwango vya vifo vilivyotangazwa vilikuwa vidogo, vya kufurahisha wafadhili.

Watafiti wa mpango wa AMPATH, wenye makao yake Eldoret, na wenzao wa kliniki ya Mbarara, magharibi mwa Uganda, hawakuridhika. Katika tafiti zilizochapishwa kuanzia mwaka 2008, walichagua baadhi ya wagonjwa waliopotea na kutuma watu wawatafute majumbani, kijiji kwa kijiji. Sehemu kubwa ya waliopotea walikutwa wamekwisha kuzikwa. Walipoingizwa katika hesabu, kiwango cha vifo kiligeuka kuwa mara kadhaa ya kile kilichotokana na daftari la kliniki peke yake.

Kitaalamu, namna ya kuwaingiza ni kuwapa uzito. Kama ametafutwa mmoja kati ya kila kumi waliopotea, aliyepatikana husimama mahali pa watu kumi. coxph, stcox, flexsurvreg na lifelines zote hupokea uzito wa aina hiyo katika safu yake. Mtumiaji hana budi kuhakikisha pia kwamba kiasi cha shaka kimehesabiwa kwa njia stahimilivu, la sivyo programu itadhani kwamba kweli imeona watu kumi, na itajiamini kupita kiasi. Katika Stata, stcox hufanya hivyo yenyewe pale uzito unapotajwa kuwa ni wa sampuli. Katika lifelines mtumiaji lazima aseme. Kazi hiyo ya kompyuta huchukua sekunde chache. Ile ya kumtafuta mgonjwa mmoja kijijini, kwa jina la ukoo na maelezo ya njia yaliyoandikwa miaka miwili kabla, yaweza kuchukua siku nzima.